Denis Burkitt: Daktari wa Mulago aliyepima choo cha wanakijiji

Ukimtaja Burkitt mbele ya muuguzi wa Mulago, atadhani unazungumzia ugonjwa. Ni saratani inayovimbisha taya za watoto, na katika ukanda wetu wa Maziwa Makuu imewaliza wazazi wengi. Lakini kabla ya kuwa jina la ugonjwa, Burkitt alikuwa mtu. Alikuwa daktari wa upasuaji mwenye jicho moja aliyefanya kazi Uganda kwa miaka 20, na baada ya kuondoka aliwashangaza wakubwa wa tiba huko Ulaya kwa kuwauliza choo chao kina uzito gani, na chakula walichokula jana kitatoka mwilini saa ngapi.

Wapo waliomcheka. Hata leo habari za choo si za kuzungumza mbele ya wakwe. Hata hivyo, mengi ambayo madaktari wanatuambia sasa kuhusu tumbo, utumbo na chakula kisichokobolewa yalipata nguvu kutokana na kazi ya mtu huyu, na ushahidi wake mwingi aliutoa kwenye vijiji vyetu.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 mjini Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali aliyesimamia barabara na madaraja, ambaye saa zake za mapumziko alizitumia kuwavisha ndege pete miguuni ili ajue kila mmoja anaishi wapi na mipaka ya eneo lake inaishia wapi. Tabia hiyo ya kuchora ramani ya viumbe tutaiona tena kwa mwanawe.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe na watoto wenzake, miwani ikapasuka, na jicho la kulia likapotea. Alijiunga na Chuo cha Trinity, Dublin, mwaka 1929 kusoma uhandisi kama baba, lakini akabadili na kusoma udaktari. Alihitimu mwaka 1935, na miaka mitatu baadaye akapata sifa ya upasuaji huko Edinburgh. Alipoomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika alikataliwa kwa sababu ya lile jicho. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomfungulia mlango. Aliingia jeshini mwaka 1941, akaletwa Kenya na Somalia, na akiwa huku akapata nafasi ya kuiona Uganda. Vita vilipokwisha aliomba tena, na safari hii hawakumkatalia. Mwaka 1946 alipelekwa Lira, katika wilaya ya Lango.

Lira ya wakati huo haikuwa na daktari wa kugawana naye kazi. Alipasua, alizalisha, alitibu malaria, alikagua zahanati za mbali. Katika kazi hiyo akagundua kwamba wanaume wenye mabusha walikuwa wengi sana upande mmoja wa wilaya na karibu hawapo kabisa upande mwingine. Daktari mwingine angewapasua tu na kuendelea. Yeye alihesabu, akachora ramani, na mwaka 1951 akaandika juu ya uhusiano wa mabusha na minyoo inayosambazwa na mbu. Hapo ndipo alipojifunza kwamba ukijua ugonjwa unaishi wapi, umekaribia kujua unatoka wapi.

Safari ndefu

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita kumwangalia mtoto mwenye uvimbe kwenye taya, juu na chini, kushoto na kulia. Burkitt alikuwa hajawahi kuona kitu kama hicho. Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alitupa macho dirishani akaona mtoto mwingine ameketi na mama yake kwenye nyasi, uso umevimba vilevile. Alitoka mbio kwenda kumtazama.

Tangu siku hiyo alianza kuulizia. Alichapisha makaratasi yenye picha na maswali, akayatuma kwa posta kwenye hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walikwenda kusini, wakapita Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, Msumbiji na Rhodesia, hadi Afrika Kusini. Ilikuwa safari ya wiki 10 na maili zipatazo 10,000, yaani kilomita 16,000. Waliingia hospitali zaidi ya 50, wakiuliza swali lile lile.

Mfanyabiashara wa mpakani anaifahamu safari ya namna hiyo: vumbi, gari kuharibika, kulala ugenini. Tofauti ni kwamba hawa walirudi na ramani badala ya bidhaa. Ramani ilionyesha kwamba ugonjwa ulipenda nchi za joto na mvua, na ulikosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi, kama milima ya Rwanda na Burundi. Mwezi Machi mwaka huohuo, Burkitt alikuwa amezungumza London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwepo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 Epstein na wenzake, Yvonne Barr na Bert Achong, wakatangaza kwamba wameona ndani yake virusi visivyojulikana. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Burkitt naye alijaribu dawa badala ya kisu, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi ndogo mno kuliko ilivyotarajiwa.

Kwa mtu mwingine hayo yangetosha kujaza maisha yote. Yeye aliondoka Uganda mwaka 1966 akiwa na miaka 55, akaajiriwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza huko London, na kazi iliyompa umaarufu kwa watu wa kawaida ilikuwa bado haijaanza.

Mzee wa jeshi la majini

Mwaka 1967 alikutanishwa na Peter Cleave, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini la Uingereza. Cleave alikuwa na hoja moja aliyoishikilia kwa miaka mingi: kwamba kisukari, meno kuoza, unene, maradhi ya moyo na shida nyingi za tumbo vina mzizi mmoja, nao ni sukari nyeupe na unga mweupe. Madaktari wengi walimwona mkorofi wa hoja moja.

Burkitt alimsikiliza kwa sababu maneno ya Cleave yalimrudisha Mulago. Katika miaka 20 ya upasuaji Uganda, alikuwa amepasua ugonjwa wa kidole tumbo kwa nadra sana miongoni mwa wanakijiji. Mawe ya kwenye kifuko cha nyongo yalikuwa adimu. Saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu. Vile vijifuko vinavyochomoza kwenye ukuta wa utumbo mpana, ambavyo Uingereza kila daktari wa wazee alivijua, hakuviona. Alipofika London alikuta wodi za upasuaji zimejaa magonjwa hayo hayo.

Silaha aliyokuwa nayo, ambayo Cleave hakuwa nayo, ni ule mtandao wa posta. Madaktari na wauguzi wa hospitali nyingi za Afrika na Asia walikuwa wamezoea kujibu barua zake. Akaanza kuwatumia maswali mapya: mwezi huu mmepasua kidole tumbo wangapi? Bawasiri je? Majibu yalikuja, na ramani ikajichora tena. Kadiri hospitali ilivyokuwa mbali na mji na mbali na kinu cha kukoboa, ndivyo magonjwa hayo yalivyopungua.

Gramu 470

Sasa tufike kwenye choo. Huko Afrika Kusini alikuwepo mtafiti aitwaye Alec Walker aliyekuwa akichunguza muda ambao chakula hukaa tumboni. Burkitt alishirikiana naye pamoja na daktari wa upasuaji Neil Painter. Mbinu yao ilikuwa rahisi. Mtu anameza vipande vidogo vya plastiki visivyoyeyuka na vinavyoonekana kwenye eksirei. Choo chake kinakusanywa kwenye mifuko, kinapimwa uzito, kisha kinapigwa eksirei ili vipande vihesabiwe. Idadi kubwa ikishatoka, saa zinahesabiwa.

Matokeo yalitoka mwaka 1972 katika jarida la Lancet. Wanajeshi wa majini wa Uingereza na wake zao walitoa choo cha gramu 104 hivi kwa siku, na chakula kilichukua takriban saa 83 kupita, yaani siku tatu na nusu. Wanakijiji wa Uganda walitoa gramu 470, na chakula kilipita kwa saa 36 hivi. Kwa maneno mengine, mzigo wa Mganda ulikuwa zaidi ya mara nne, na ulifika mwisho wa safari kwa chini ya nusu ya muda.

Sababu, alisema, ni yale makapi ambayo wenye vinu walikuwa wakiyatupa au kuwapa kuku. Wanakijiji wale walikula ulezi, mtama, maharage, viazi vitamu, ndizi na majani ya kienyeji. Chakula cha namna hiyo kina nyuzinyuzi nyingi, ambazo wataalamu wetu wa lishe huziita makapi mlo. Utumbo mwembamba unanyonya wanga, protini na mafuta, lakini nyuzinyuzi zinaupita na kuingia utumbo mpana zikiwa zimebeba maji. Choo kinakuwa kingi na laini. Mtu hajikamui. Na asiyejikamua hasukumi damu kwenye mishipa ya njia ya haja kubwa hadi ikavimba kuwa bawasiri, wala habanii utumbo hadi ukatoa vijifuko. Kuhusu saratani, Burkitt aliamini kwamba choo kingi kinapunguza makali ya sumu zilizomo, na kwa kuwa kinapita haraka, sumu hizo hazipati muda wa kuugusa ukuta wa utumbo.

Trowell, yule aliyemwita kumwona mtoto wa kwanza Mulago, naye alikuwa amerudi Uingereza. Wazee hawa wawili waliungana tena, na mwaka 1975 walitoa kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na magonjwa. Miaka minne baadaye Burkitt aliandika kingine kidogo kwa watu wa kawaida, akiwahimiza wasisahau nyuzinyuzi, kikauzwa sana. Pumba za ngano, ambazo zilikuwa chakula cha mifugo, zikapanda bei madukani Ulaya na Marekani. Alizunguka dunia akitoa mihadhara yenye picha alizopiga mwenyewe, na katikati ya picha za mandhari aliingiza picha za vinyesi alivyovikuta porini, wasikilizaji wakaguna na kucheka. Alipenda kuwaeleza kwamba taifa likitoa choo kikubwa linaweza kuridhika na hospitali ndogo.

Hapa naomba kusema langu. Wanakijiji waliopimwa hawakupewa majina katika maandishi yale, na picha za kinyesi chao zilizunguka kumbi za Ulaya bila wao kujua. Tumshukuru daktari kwa elimu, lakini na hilo lisemwe.

Alipokosea, na alipopatia zaidi ya alivyojua

Burkitt hakuwa sahihi kwa kila kitu. Takwimu zake nyingi zilikuwa za hospitali, na mtu mwenye bawasiri kijijini mara nyingi haendi hospitali. Anavumilia au anatafuta mizizi. Tena, saratani ya utumbo mpana hupenda watu wa makamo na wazee, wakati Uganda ya miaka ile ilikuwa nchi ya vijana ambayo wengi walikufa mapema kwa malaria, kuhara na uzazi. Na chakula chetu kilikuwa na tofauti nyingine pia, kwa mfano nyama kidogo na mafuta kidogo, si makapi peke yake. Mwaka 2000 huko Marekani yalitoka matokeo ya majaribio makubwa mawili, ambapo watu waliongezewa pumba za ngano, au mboga na matunda, kwa miaka mitatu hadi minne. Vinyama vya utumboni vinavyoweza kugeuka saratani havikupungua. Wengi wakasema hadithi ya Burkitt imekwisha.

Haikwisha. Jambo ambalo hakulijua vizuri ni kazi ya vijidudu. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria kwa matrilioni, na wengi wao si adui. Nyuzinyuzi ndizo posho yao. Wanazichachua kama tunavyochachua togwa, na kutoa asidi nyepesi ambazo moja yake, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Asidi hizo husaidia pia kutuliza uvimbe mwilini na kusaidia mwili kudhibiti sukari. Bakteria wakikosa posho hawakai kimya: kwa panya imeonekana kwamba wanageukia ute unaoulinda ukuta wa utumbo na kuula.

Mwaka 2015 watafiti walifanya jaribio ambalo Burkitt angelipenda. Walichukua Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini, wakawabadilishia vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakala chakula cha kijijini chenye zaidi ya gramu 50 za nyuzinyuzi kwa siku. Wanakijiji wakala nyama na vyakula vya mafuta kwa mtindo wa Marekani. Wiki mbili tu, na utumbo wa Wamarekani ukatulia, butireti ikapanda. Wanakijiji mambo yao yakageuka upande mwingine, dalili zinazoambatana na hatari ya saratani zikaongezeka. Na mwaka 2019 uchambuzi mkubwa uliochapishwa katika Lancet ile ile ulionyesha kuwa wanaokula nyuzinyuzi nyingi hufa au kuugua moyo, kisukari na saratani ya utumbo mpana kwa kiwango cha chini, kati ya asilimia 15 na 30, kuliko wanaokula kidogo. Kipimo kilichotajwa ni gramu 25 hadi 29 kwa siku.

Sembe la mpakani

Simulizi hii inatuhusu sisi tunaovuka mipaka kuliko wengine. Kwenye kambi za wakimbizi mgao ulikuwa mahindi au unga, maharage na mafuta. Yakija mahindi mazima tulinung'unika, kwa sababu ilibidi tuuze sehemu ya mgao ili kulipia kinu. Mwenye uwezo alikoboa kwanza ndipo asage, unga uwe mweupe, maana weupe wa unga ulikuwa heshima. Wengi tuliporudi nyumbani tulirudi na desturi hiyo. Dona tukaiona chakula cha dhiki.

Na mfanyabiashara naye, siku yake inaanza kwa chai ya rangi na maandazi, mchana chipsi na soda, jioni wali mweupe. Maji hanywi kwa kuogopa basi halisimami. Haja ikija anaibana hadi avuke forodha. Hivyo ndivyo choo kinavyokauka, na baada ya miaka michache mtu anatafuta dawa ya bawasiri kwa siri. Wakati huohuo rejista ya saratani ya Kampala, iliyoanzishwa tangu Burkitt akiwa Mulago, imeonyesha saratani ya utumbo mpana ikiongezeka kadiri miaka inavyosonga.

Tiba yenyewe haihitaji duka la dawa. Maharage, njegere, dona, ulezi, viazi vitamu, ndizi za kupika, sombe, mapera na maembe, vyote viko sokoni kwetu. Hata kiporo cha ugali kilichotunzwa kwa usafi kina faida yake, kwa sababu wanga ukipoa sehemu yake inakuwa ngumu kuyeyushwa na inawafikia bakteria kama nyuzinyuzi. Anayetoka kwenye sembe aongeze dona polepole na anywe maji, la sivyo tumbo litajaa gesi na atamlaumu mwandishi. Na anayeona damu kwenye choo, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa bila sababu, au anakonda bila kujua kwa nini, aende hospitali apimwe; asidhani ni bawasiri tu. Mwenye homa ya matumbo au kuhara sana naye hatibiwi kwa dona.

Burkitt alistaafu mwaka 1976 na kuishi na mke wake Olive, aliyemwoa mwaka 1943, katika kijiji cha Bisley, magharibi mwa Uingereza. Mwaka 1972 alikuwa ameingizwa katika Royal Society, chombo cha wanasayansi wakubwa wa nchi hiyo, jambo lisilo la kawaida kwa daktari wa wilaya asiyewahi kuwa na maabara yake. Aliendelea kusafiri na kuhutubia hadi uzeeni. Alifariki dunia Machi 23, 1993 huko Gloucester, akiwa na umri wa miaka 82. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967 kutibu watoto wenye ule uvimbe wa taya, bado ipo kwenye kilima kile kile.